Mafundo Thelathini ya Safari ya Songwe

Mama yangu alikufa kivukoni, kwenye mkeka wake mwenyewe, na kamba yangu ikiwa mkononi mwake. Kamba haikuwa na fundo hata moja. Mimi nilifika siku tisa baada ya yeye kuzikwa. Mke wangu Nyambilo aliingia majini hadi magotini kunipokea, kichwa amenyoa, akautazama mzigo wa mahindi begani kwangu, akasema, "Uteremshe tu. Hauna haraka tena."

Hilo nimelitanguliza ili nisije nikalikimbia huko mbele, maana najijua. Nikianza kusimulia safari huwa nacheka, na wanaonisikiliza hucheka, na mwisho wa kucheka watu huondoka kabla sijafika hapo.

Sasa turudi nyuma.

Vijana, ninyi mnaokwenda kujiandikisha upagazi Mahenge, mmezoea kupita hapa kwangu Lipangalala, shikamoo baba, marahaba, kisha swali ni lile lile: baba, nakwenda Uhehe, nakwenda Ungoni, nimwambie mke wangu siku ngapi? Mnaniuliza kama vile siku ninazo ndani, kwenye ghala. Nimechoka kulijibu mlangoni. Nimeona niliandike, asomaye awasomee wasiosoma. Herufi nimefundishwa na katekista, miezi mitatu, nikiwa tayari nina mvi, kwa hiyo mkiona mstari umepanda juu kama nyani, uacheni uende.

Mimi ni Ngwila, Mndamba wa mto huu. Nilianza na upondo wa mtumbwi, nikavusha watu na mbuzi, baadaye nikashika mzigo, na mwisho nikawa kirongozi, yaani yule anayetangulia msafara na kusema leo tunalala wapi. Kazi hiyo nimeifanya mpaka goti la kushoto likanikatalia. Nimefika Iringa, Ubena, Ungoni, Unyakyusa, nimevuka hata Songwe kuingia nchi ya Waingereza. Nchi zote hizo kwa miguu, na nyingine mara nne au tano.

Aliyenifundisha ni Mzee Libenanga, mtu mfupi, mwenye masikio makubwa, ambaye alibeba pembe za ndovu enzi ambazo Mdachi hajaonekana. Yeye hakuhesabu mwendo. Alihesabu malalo, mahali pa kulala. Ukimuuliza Iringa ni mbali gani, alifumba macho, akaanza kulala: nimelala hapa penye kisima, nimelala pale kwa yule mwenye mbwa wengi, nimelala juu, kuna baridi. Kila akilala anakunja kidole. Akimaliza anafumbua macho na kusema, "Malalo kumi na moja. Sasa ongeza ujinga."

Hilo la ujinga sikulielewa mpaka nilipoongoza safari yangu ya kwanza. Nilihesabu malalo yangu vizuri, nikampa mnyapara siku ishirini na mbili kwenda Iringa na kurudi. Tukatumia thelathini na moja. Kwa nini? Kwa sababu katika msafara kulikuwa na Mpogoro mmoja, mtani wangu, ambaye alikuwa na mkwe kila tunapolala. Tunafika kijiji, anavua mzigo, anasema, "Ngwila, hapa kwa mama mkwe siwezi kupita kama mwizi." Nikamuuliza, "Una wake wangapi wewe?" Akasema, "Mmoja. Wakwe ndio wengi." Anachinjiwa kuku, nasi tunakula, na asubuhi yake mwenyeji anasema hamwezi kuondoka bila kumsalimu babu, na babu yuko shambani. Siku imekwenda.

Niliporudi Mzee Libenanga alicheka mpaka akakaa chini. "Nilikuambia uongeze ujinga," akasema. "Wakwe, ngoma, kuhara, mto uliojaa, mtu aliyechomwa na mwiba, na mzungu aliyeona ndege anayempenda. Hivyo vyote vina siku zake. Usipoviwekea siku, vitazichukua vyenyewe."

Basi vijana, jibu la kwanza hilo. Lala njia nzima kichwani kwako, kidole kwa kidole, kisha ongeza ujinga. Kwenye kila malalo matano mimi huongeza siku moja. Mkirudi na mzigo mzito kuliko wa kwendea, ongezeni mbili. Na kama mnapita Ubena wakati mvua zimeanza na mianzi inatoa ulanzi, ongezeni siku tatu za kwenda na nne za kurudi, wala msibishane nami. Yule yule Mpogoro tulimkuta asubuhi moja amelala amekumbatia mwanzi, mdomo wazi chini ya kibuyu, ulanzi unamdondokea. Tulipomwamsha akasema hakuwa analewa, alikuwa anazuia usimwagike.

Jibu la pili ni la kamba. Nyumbani kwenu mnaijua, lakini siku hizi naona mnaifanya ovyo. Mtu akisafiri, zinafungwa kamba mbili zenye mafundo sawa na siku. Moja anavaa kiunoni, nyingine anabaki nayo mke au mama. Kila kukicha, huku linafunguliwa fundo moja na kule moja. Fundo la mwisho likifunguliwa, wa nyumbani wanapika wali, wanateremka na chungu mpaka kivukoni kumpokea mtu wao. Na wakishateremka hawapandi tena na chungu mpaka wamwone. Kupanda nacho ni kumtupa mtu wako kwa mamba. Vilevile kamba ikishafungwa haiongezwi fundo, kwa sababu unayeongeza unahesabu siku za maiti. Hayo sikuyatunga mimi, tumeyakuta.

Mzee Libenanga alikuwa na ujanja wake mmoja tu. Ya kiunoni aliifunga kwa siku anazozijua, ya nyumbani akaizidishia mafundo saba kabla hajaikabidhi. "Mwanangu," akaniambia, "mke wangu hajawahi kuningoja. Kila mara namkuta anatwanga, anashtuka, ananitukana kwamba nimewahi na hajapika. Matusi hayo nayapenda." Nami nilifanya hivyo miaka yote. Nyambilo alinitukana sana, na mama pia.

Nimelifanya kinyume mara moja tu.

Ilikuwa baada ya vita vya maji. Ninyi mlikuwa wadogo, wengine hamjazaliwa, lakini mmesikia. Waliokunywa maji walikufa kwa risasi, na wasioyanywa wakachomewa mpunga pamoja na waliokunywa, moto haukuuliza mtu. Bonde hili lilikuwa jeusi toka hapa mpaka karibu na Mlimba. Watu walikuwa wanachimba mizizi. Kilichobaki kwa kila nyumba ni mbegu, vibaba vichache vya mpunga vimefichwa kwenye majivu, vya kupandwa mvua zikikolea. Mbegu hiyo haikuguswa. Mtoto akilia njaa anaonyeshwa mto, akanywe maji.

Ndipo akaja mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Ramani, na akida wetu Mwinshehe akiwa mkalimani wake. Habari ilikuwa njema. Msafara unakwenda Unyakyusa na kuvuka Songwe kununua mahindi ya boma, na kila mpagazi atakayerudi na mzigo wake salama, nyumba yake itapata mzigo mmoja. Mzigo mmoja wa mahindi ungelisha nyumba mpaka mpunga uive. Watu walijiandikisha mbio.

Bwana Ramani alitandaza karatasi yake juu ya meza, akatoa chuma chenye miguu miwili, akakitembeza juu ya karatasi kama korongo anayetafuta vyura. Nikaitwa mimi kirongozi nisogee. Akanionyesha mto wetu. Ulikuwa mwembamba kama uzi. Nikasema, "Akida, mwambie Bwana uzi huu mvua zikikolea unakuwa shuka. Na huyo korongo wake hana mzigo kichwani." Mwinshehe akasema maneno yake, Bwana akatabasamu, nikajua alichotafsiri sicho nilichosema.

"Bwana anauliza siku," akasema Mwinshehe.

Nilikuwa nimekwisha kulala njia nzima usiku wa kuamkia siku ile, mara mbili. "Sitini," nikasema. "Kwenda na kurudi. Mvua ndizo hizi zimeanza, na tutarudi na mizigo mizito."

Mwinshehe akageuka kwa Bwana, akafungua viganja vyake vyote viwili mara tatu.

"Akida," nikasema, "hizo ni thelathini."

"Wewe unajua Kijerumani?"

"Sijui. Vidole navijua."

Askari mmoja akacheka. Mwinshehe hakucheka. Akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya marashi yake, akasema taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake siri, "Nimekwisha kumwambia Bwana thelathini tangu jana. Unataka nionekane mwongo mbele yake kwa ajili ya mpiga upondo? Kama unataka hamsa ishirini kabla ya safari, endelea kuhesabu."

Hamsa ishirini ni viboko ishirini na tano. Wapo kati yenu ambao baba zao bado wanakaa upande mmoja kwa sababu yake. Nikarudi kwenye mstari wa wapagazi.

Kisha akatoa amri ambayo mpaka leo inanitekenya nyongo. Alisema kamba zote zifungwe pale pale, mbele ya Bwana, thelathini thelathini, ili Bwana aone watu wake wanavyojua utaratibu. Wake zetu na mama zetu walikuwapo. Bwana alifurahi sana, akaandika kwenye kitabu chake. Tukafunga. Mikono hii ilifunga. Nilipomkabidhi Nyambilo kamba, aliipitisha vidoleni, akaipitisha tena.

"Mbona fupi?"

"Ndiyo hiyo."

"Songwe siku thelathini?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Askari alikuwa ametazama pembeni. Ningesema neno moja, ongeza. Lakini kamba ilikuwa imekwisha kufungwa, na kuongeza ni kuhesabu maiti, na zaidi ya hayo, niseme ukweli, watu walikuwa wananitazama, kirongozi Ngwila ambaye hajawahi kuchelewa. Nikacheka. Nikasema, "Nitatembea haraka."

Mama akacheka naye. "Mwanangu ana miguu ya sheshe," akawaambia wenzake, yaani yule swala wa bondeni kwetu. Aliichukua kamba mkononi mwa Nyambilo, akasema safari hii atafungua yeye.

Tukaondoka. Na sitawadanganya vijana, safari yenyewe ilikuwa nzuri. Njaa tuliiacha nyuma kadiri tulivyopanda. Ubena kulikuwa na viazi na ulanzi, na yule Mpogoro alikumbatia mwanzi wake tena, nikamburuta kwa mguu. Njia nzima nilikuwa kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Nilikataa wakwe. Nilikataa ngoma. Watu wakaniimbia wimbo kwamba Ngwila ameacha moto jikoni. Kweli tulitembea haraka, malalo ishirini na mawili nikayafanya kumi na tisa, ambayo sijasikia mtu mwingine aliyeyafanya, na zamani ningejisifu.

Kisha Bwana Ramani akavuka Songwe, akamkuta Mwingereza. Wakapendana. Mahindi yalikuwa tayari yamefungwa, yamepangwa kando ya mto, na wao wanakunywa chai. Siku ya kwanza chai. Siku ya pili wakaenda kuwinda. Siku ya tatu ikanyesha, wakanywa chai wakitazama mvua. Nikamwendea mpishi wake, nikamwambia, "Ndugu yangu, mwambie Bwana siku zinakwisha." Mpishi akasema, "Bwana anasema kwani haraka ya nini, akida amempangia siku za kutosha."

Walikaa siku kumi na moja. Fundo langu la mwisho nililifungua kule, nchi ya Waingereza, nimeketi juu ya gunia la mahindi, nakula ndizi ya Kinyakyusa. Mpogoro akalitazama, akaangalia kamba yake, nayo imekwisha. Tulijua nini kinatendeka nyumbani saa ile. Wamefagia uwanja. Wamevaa nguo safi kama zipo. Wanapika wali wa kivukoni.

Na wali huo, vijana, hapakuwa na mchele wa kuupika isipokuwa ule uliofichwa kwenye majivu.

Haya mengine aliniambia Nyambilo, polepole, kwa miezi. Alisema usiku ule wanawake walibishana kama watoe mbegu au wasitoe. Wengine walisema tupike majani, tuseme ni wali. Mama ndiye aliyewatuliza. Alisema, kesho kuna mzigo wa mahindi kila nyumba, mbegu tutakopa kwa waliobaki nayo tuwalipe mahindi. Akasema, "Ngwila hajawahi kukosea hesabu." Wakatwanga. Nyumba zote za msafara zikatwanga. Wakateremka na vyungu, na wakakaa.

Siku ya kwanza hawakula, wanatungojea. Siku ya pili wali ulianza kuchacha, wakawapa watoto. Siku ya tano nyumba nyingine zikapanda, vyungu wakaviacha majini ili wasipande navyo. Mama hakupanda. Nyambilo alimbeba mgongoni mara mbili kumrudisha nyumbani, na mara mbili alipotoka kutafuta mizizi alirudi akamkuta amekwisha kuteremka tena, kwa magoti. Mvua ilimpiga pale siku zaidi ya ishirini. Alikuwa anaipitisha ile kamba vidoleni, akitafuta fundo. Alimwambia Nyambilo, "Hebu tazama wewe, macho yangu mabaya, labda liko moja tumelisahau."

Sisi kurudi, kwa mizigo mizito na mito iliyojaa, tulitumia siku thelathini na saba, tukafika siku ya sitini na saba. Sitini zangu, na saba zilizozidi kwa ajili ya chai. Sikuwa nimekosea, mnaona? Hesabu yangu ilikuwa sahihi, na nilikuwa nayo mdomoni, na nikaimeza.

Hakufa mama peke yake. Mpogoro yule wa ulanzi aliacha watoto watatu, akakuta wawili. Tangu hapo hakusafiri tena, na wala sijamsikia akitaja mkwe. Mahindi tulipewa, hilo sikatai, mzigo mmoja kila nyumba kama tulivyoahidiwa. Tuliyala huku mashamba yakiwa matupu, maana mbegu ililiwa kivukoni, na mwaka uliofuata ndio tuliozika wengi.

Sasa mimi wenye makosa nawataja, wala sinong'oni. Wa kwanza ni mimi Ngwila, kwa neno "nitatembea haraka". Nimelijibu kwa Nyambilo, nalijibu mpaka leo, kila ninapofika mapema nikamkuta anatwanga, naye hanitukani. Wa pili ni Bwana Ramani, ambaye amekwisha kurudi kwao Ulaya na kitabu chake, na humo tumeandikwa kwamba tunajua utaratibu. Huyo simfikii.

Wa tatu namfikia. Akida Mwinshehe bado yupo. Nilimwendea mara moja, goti hili likiwa bado linatembea, nikamuuliza barazani kwake thelathini alizitoa wapi. Akasema, "Mama yako alikuwa mzee, Ngwila. Wazee hufa." Nikasema sikuulizi mama, nakuuliza thelathini. Akamwambia askari anitoe.

Watu wanamtetea kwa namna nyingi. Yuko anayesema alihesabu kwenda tu akasahau kurudi. Yuko anayesema hakuwahi kupanda Ubena maishani mwake, alikisia. Yuko anayesema alitaka Bwana amwone mtu mwepesi wa kazi. Mimi sitaki kukisiwa. Nataka kuambiwa na yeye.

Kwa hiyo vijana, malipo ya mafundisho yangu ni haya. Malalo hesabuni kwa vidole, ujinga ongezeni, kamba ya nyumbani izidishieni mafundo saba kuliko ya kiunoni, na akitokea mtu mwenye marashi akawafungia siku ambazo hamkuzihesabu, semeni kwa sauti mbele ya mama zenu, hata kama ni kwa hamsa ishirini. Mgongo hupona. Kisha, Mwinshehe atakapokuja Lipangalala kukusanya kodi, mmoja wenu anayesoma asimame amsomee kipande hiki kinachofuata, mbele ya watu, neno kwa neno.

Mwinshehe. Pale kivukoni, kwenye mti wa kufungia mitumbwi, nimetundika kamba yenye mafundo sitini. Asubuhi ya leo ninapoandika, Nyambilo amefungua la kwanza. Hizo ndizo siku zile nilizokuambia, nimekupa zote, sikupunguza. Kabla halijafunguliwa la mwisho uteremke wewe mwenyewe, usimtume askari, usimame pale mama yangu alipokaa, na mbele ya Nyambilo na yule Mpogoro na kila aliyetwanga mbegu yake siku ile, ujibu jambo moja. Siku thelathini ulizitoa wapi?